Nani Anayasafisha Maji

Tangi la samaki likijazwa leo, siku ya kwanza hupendeza kupita siku nyingi zitakazofuata. Changarawe imeoshwa, taa imewashwa, maji ya bomba yametulia, na mtu aliyekaa upande wa pili wa kioo anaonekana hadi vifungo vya shati lake. Siku ya tatu au ya nne maji huanza kupauka. Ikifika jioni tangi zima limekuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki wapo ndani, lakini huwezi kusema yupi ni yupi. Mwenye tangi naye hufanya lile ambalo mtu yeyote aliyelelewa kupenda usafi angelifanya: humwaga maji yote, husugua vioo, huosha changarawe na sponji ya chujio chini ya bomba hadi yote yang'ae, kisha hujaza upya. Kwa siku mbili nyumba ina fahari. Siku ya tatu au ya nne ukungu unarudi.

Nimeliona jambo hili sebuleni kwa watu, kwenye saluni za kiume, kwenye mapokezi ya hoteli, na kwenye vyumba vya kungojea daktari wa meno. Matangi hayo mengi huishia kugeuzwa kabati la mapambo, samaki wakiwa wamekufa mmoja baada ya mwingine, na mwenyewe akiamini kwamba hakusafisha vya kutosha. Ukweli ni kwamba alisafisha mno. Ninaandika haya kwa sababu samaki wengi wanauawa na bidii ya watu wanaowapenda, na kwa sababu mimi ni mkazi wa Mwanza, ninayeamka kila siku nikitazama ziwa ambalo nalo limepaukiwa.

Kinachopausha maji ya tangi jipya, mara nyingi, ni bakteria. Chakula kilichobaki, mavi ya samaki, ute wa ngozi zao, jani lililooza: vyote huyeyuka kidogo kidogo majini. Wapo bakteria wanaokula mabaki hayo moja kwa moja, na wakishiba huongezeka maradufu kwa muda ambao hata saa moja haifiki. Mmoja wao huwezi kumwona. Wakifika mamilioni katika kila kijiko cha maji, mwanga unawagonga, unatawanyika pande zote, na jicho linaona weupe. Kwa hiyo ule ukungu ni umati. Ni kundi lililowahi kwenye karamu kabla ya wengine.

Hao wengine ndio wanaongojewa. Samaki anapopumua hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki yanayooza huongeza amonia juu yake. Kuna bakteria wanaoishi kwa kuigeuza amonia kuwa nitriti, na kuna wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Hawa ni wa taratibu sana. Kuongezeka maradufu kunawachukua nusu siku, siku nzima au zaidi, na hawapendi kuelea. Hujishikiza kwenye changarawe, kwenye kioo, kwenye majani, na zaidi ya pote kwenye sponji ya chujio ambako maji yenye hewa hupita bila kukoma. Katika joto letu, kundi la kutosha tangi moja hujengeka kwa wiki nne hadi sita hivi. Ukiosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, dawa iliyowekwa makusudi kuua bakteria, unayarudisha yote mwanzo.

Sehemu inayonisikitisha zaidi ni hii: ukungu wenyewe si sumu. Unaweza kupunguza hewa majini, kwa kuwa umati ule nao unapumua, na ndiyo maana samaki hupanda juu kuhemea. Lakini amonia na nitriti, zinazounguza matamvua na kuifanya damu ishindwe kubeba hewa, hazina rangi. Tangi linaweza kung'aa kabisa na samaki wakawa wanakufa ndani yake. Na maji yakiwa na asili ya magadi, kama yalivyo ya visima vingi na ya maziwa yetu makubwa, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo huwa katika ile hali inayodhuru. Jicho limefundishwa kuogopa weupe, nalo linapitwa na kile kinachoua.

Kazi hii ya wasioonekana ilichukua muda mrefu kujulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya utafiti Zürich, alionyesha kwamba amonia hugeuzwa kuwa nitreti na viumbe hai wanaopokezana, kundi hadi kundi. Kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji wa samaki vilirudia majina mawili, Nitrosomonas na Nitrobacter. Kisha miaka ya 1990 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba kwenye machujio ya matangi kazi ya pili mara nyingi hufanywa na mwingine kabisa, Nitrospira. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza kwamba baadhi ya hao Nitrospira wanafanya kazi zote mbili wenyewe, kutoka amonia hadi nitreti, na mojawapo ya mahali walipopatikana ni kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Zaidi ya karne moja watu walikuwa wakiishi na kibarua huyu ndani ya nyumba zao bila kumjua kwa sura wala kwa jina.

Sponji ya chujio lililokomaa inafaa kutazamwa kwa karibu. Ukiichomoa inakuwa nzito kuliko unavyotegemea, na vidole vinateleza juu yake. Ikamue ndani ya ndoo: maji ya kahawia yanatoka, mazito, yenye chembe zinazozama polepole. Inuse. Kama chujio lilikuwa likipitisha maji vizuri, hutasikia uvundo, utasikia harufu ya udongo. Uchafu huo ndio mtaji wako. Ikamue mara mbili au tatu katika maji uliyoyachota kwenye tangi lenyewe, mpaka maji yaweze kupita tena kwa urahisi, kisha irudishe ikiwa bado na rangi yake. Anayeuza vifaa vya samaki akikuambia utupe sponji kila mwezi na kununua mpya, fahamu kwamba anakuuzia ukungu wa mwezi ujao.

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa makini jinsi maji ya tangi yanavyochafuka na kutakata yenyewe alikuwa Robert Warington, mkemia wa London. Mwaka 1849 aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo cha galoni 12, lita zipatazo 55, pamoja na mchanga, mawe na mmea wa majini unaoitwa Vallisneria. Hoja yake ilikuwa ya kikemia: mmea ungetoa oksijeni kwa ajili ya samaki, na samaki wangeulisha mmea kwa pumzi yao. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda, kisha majani ya zamani yakaanza kuoza, utelezi ukatanda, na maji yakachafuka hata hesabu yake ikaonekana kushindwa. Hakumwaga maji. Alitafuta ni nani katika kidimbwi cha kawaida anayekula majani yaliyooza, akachukua konokono wachache wa majini na kuwatia ndani. Konokono wakala mabaki na utelezi, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Matokeo aliyasoma mbele ya Chama cha Kemia mwezi Machi 1850, miaka mingi kabla ya Winogradsky, hivyo hakuweza kujua kwamba pamoja na konokono alikuwa na wafanyakazi wengine wasiohesabika kwenye mawe yake.

Ninachokiheshimu kwa Warington ni swali aliloliuliza. Maji yalipochafuka hakuuliza atatoa nini. Aliuliza nani amekosekana. (Kwa sisi wa kandokando ya ziwa, tahadhari: usiingie majini kuokota konokono kwa mikono mitupu. Baadhi yao hubeba kichocho, na hao hawafai kuletwa nyumbani.)

Si kila ukungu ni wa bakteria, na hapa papara huharibu mengi, kwa sababu kila aina ina chanzo chake. Mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu likizo moja, akasimama mbele ya tangi lililopauka, akaniuliza, “Shangazi, haya maji yameoza?” Nikampa glasi. Tulichota maji ya tangi, tukaiweka glasi mezani mbele ya karatasi nyeupe, tukaiacha itulie. Kipimo hiki hakina gharama na hueleza mengi. Maji yakitakata kuanzia chini kwenda juu kwa dakika chache, kilichokuwamo ni hewa, viputo vidogo sana vya maji ya bomba yaliyotoka kwa nguvu. Yakitakata kuanzia juu na vumbi likajilaza chini, changarawe haikuoshwa vizuri, au kuna samaki anayechimba. Yakibaki vilevile, meupe sawasawa juu na chini, ni bakteria. Yakiwa kijani, ni mwani mdogo unaoelea. Yakiwa ya kahawia au manjano lakini unasoma maandishi kupitia humo bila shida, ni rangi ya gogo au majani makavu uliyoyaweka kama pambo, na hiyo haimdhuru samaki wa kawaida. Yule binti alikaa na glasi yake muda mrefu. Maji hayakutulia chini wala juu. Akasema basi ni wale wadudu, akataka kujua wanakula nini, na swali hilo lilikuwa zuri kuliko lile la kwanza.

Wanakula tunachowapa. Katika nyumba yenye watoto watatu na mgeni mmoja, kila mmoja huwatupia samaki chakula kidogo kwa mapenzi, na kidogo mara nne ni kingi. Samaki mzima mwenye afya huweza kukaa siku kadhaa bila chakula na asidhurike. Tangi likipauka, dawa ya kwanza ni kuacha kulisha siku mbili tatu. Ya pili ni kuongeza hewa, kwa pampu au kwa kuinua mdomo wa chujio ili maji yaanguke na kuvuruga uso wake. Ya tatu ni kubadilisha sehemu tu ya maji, robo hivi, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo wazi mchana na usiku ili klorini iondoke. Kama mamlaka ya maji ya mahali pako inatumia kloramini, kulaza peke yake hakutoshi, itabidi dawa ya dukani ya kuiondoa. Baada ya hapo ni kungoja. Ukungu wa bakteria kwa kawaida hujiondokea wenyewe baada ya siku chache, au wiki moja na ushei, chakula kikiwaishia na wale wa taratibu wakishika nafasi zao.

Kungoja ndiko kunakowashinda watu, nami sishangai. Mgeni akiingia akakuta maji yamepauka, anafikiri nyumba ni chafu. Hakuna anayeweza kumwonyesha mgeni bakteria wanaojishikiza kwenye changarawe na kusema, tazama, kazi inaendelea. Kwa hiyo watu hutafuta njia ya mkato, na njia za mkato zipo tangu zamani. Shabu husagwa ikakorogwa kwenye pipa la maji ya mto. Mbegu za mlonge hutwangwa zikafanya kazi hiyohiyo. Chembe za tope majini zina chaji hasi na husukumana, ndiyo maana hazizami. Aluminiamu iliyo katika shabu, na protini iliyo katika mbegu za mlonge, huzima msukumano huo, chembe zikashikana, zikawa mabonge, zikazama. Ni elimu nzuri, na imeokoa matumbo ya watu wengi. Ndani ya tangi la samaki habari inabadilika. Shabu huongeza ukali wa asidi katika maji laini na kumwacha samaki akihangaika. Mlonge huacha majini mabaki ya mbegu, ambayo ni chakula kipya cha bakteria walewale. Dawa za dukani za kung'arisha maji mara moja hufuata kanuni hiyo ya kushikanisha chembe. Hazimgusi aliyesababisha chembe. Kwa maji ya kunywa ya pipani sitamkataza mtu shabu. Kwa samaki, namwomba aiache.

Maji ya kijani yana tabia yake. Tangi likiwa karibu na dirisha linalopigwa na jua la asubuhi, au taa ikiachwa kutwa na nusu ya usiku, mwani hupata mwanga, hupata nitreti na fosforasi zitokanazo na chakula, na huchanua. Kulifunika tangi kwa kitambaa kizito siku tatu au nne, kisha kubadilisha sehemu ya maji, hupunguza umati huo. Mimea inayoota haraka huunyang'anya mwani chakula. Lakini kama chakula kinaendelea kuingia kwa wingi na jua liko palepale, utarudi.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nchi za mbali havilitilii maanani na ambalo kwetu ni la kila mara: umeme kukatika. Chujio likisimama, maji yaliyofungiwa ndani yake huishiwa hewa, na bakteria wanaotegemea hewa huanza kufa ndani ya saa chache. Umeme ukirudi, chujio linatapika tangini kila kilichooza, na asubuhi yake tangi linapauka bila mtu kuelewa kwa nini. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, toa sponji kwenye chujio uiweke ndani ya tangi lenyewe, usilishe, na kila baada ya muda chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu ili yashike hewa. Ukiweza kupata pampu ndogo ya hewa ya betri, inunue kabla ya kununua samaki wa pili.

Yote haya yanafanyika ndani ya kioo cha lita 60 au 100. Sasa nageukia ziwa.

Uangavu wa maji una kipimo chake cha kale na cha wazi kabisa. Mwaka 1865, padri na mwanaastronomia wa Italia, Angelo Secchi, alishusha visahani vyeupe baharini kutoka kwenye meli ya Papa na kuandika kina ambacho kila kimoja kilitoweka machoni. Kipimo hicho bado kinatumika duniani kote. Mwaka 1927, E. B. Worthington, akiwa kwenye uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Viktoria, alipata kwamba kisahani huonekana katika maji ya katikati hadi mita 5, 6, hata 8. Kufika miaka ya 1990, katika maji hayo, kilikuwa kikitoweka kati ya mita 1 na 3. Tope lililolala chini ya ziwa linaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na watu kuongezeka na mashamba kupanuka ufukoni na mabondeni. Naitrojeni na fosforasi ziliingia kwa mito, kwa mitaro ya miji, kwa moshi na vumbi lililoshushwa na mvua. Ni vilevile vinavyoingia kwenye tangi kwa kiganja cha mtoto.

Na ziwa lilikuwa na wafanyakazi wake. Kandokando kulikuwa na mafunjo, yaliyochuja maji ya mito kabla hayajaingia. Ndani kulikuwa na furu, zaidi ya spishi 500 za samaki wadogo, ambao kabla ya miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa ya furu wanaokula mwani na mabaki yaliyozama. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, na alipofumuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 furu wengi walitoweka ndani ya miaka michache. Siwezi kumsema sangara bila kukumbuka nyumba zilizojengwa na ada za shule zilizolipwa kwa ajili yake hapa Mwanza. Watu wa viwanda vya minofu na wa soko la samaki la Mwaloni ni ndugu zangu. Lakini kwa swali la Warington, nani amekosekana, jibu la ziwa letu ni refu na la kutisha.

Upungufu wa mwanga uliwapiga furu kwa namna nyingine pia, ambayo inanigusa kuliko yote. Katika Ghuba ya Mwanza wanaishi furu wa aina mbili wakaao kwenye mawe, ndugu wa karibu. Dume la mmoja ni la rangi ya samawati na kijivu, anaitwa Pundamilia pundamilia kwa michirizi yake. Dume la mwingine lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Alielezwa kisayansi mwaka 1985 na akapewa jina la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Majike yao yanafanana sana, yamefifia rangi. Jike humchagua dume kwa rangi, na macho ya jamaa hao wawili yamenolewa tofauti, mmoja akiona vizuri zaidi upande wa samawati wa maji ya juu, mwingine upande wa wekundu wa maji yenye kina zaidi kidogo. Uchaguzi huo wa macho ndio ukuta mkuu kati yao, kwani wakichanganyika watoto wao wanazaa bila tatizo.

Mwaka 1997, Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte, watafiti waliofanya kazi kwa miaka mingi katika maji haya, waliandika katika jarida la Science kwamba mahali maji yalipopauka, ukuta huo ulianguka. Ukipanda mtumbwi kutoka ndani kabisa ya ghuba kuelekea kaskazini unapita visiwa vya Luanso, Kissenda, Python, kisha Makobe, na maji yanazidi kutakata kadiri unavyokwenda. Makobe wekundu ni wekundu na samawati ni samawati. Luanso, kwenye maji mazito, kuna samaki wa rangi ya katikati, wasioweza kutengwa. Maabara ilithibitisha hayo: chini ya taa ya rangi ya machungwa inayofuta tofauti, majike waliwapokea madume wa aina zote mbili. Hawakufa kwa sumu, hawakuliwa na sangara. Walipotezana tu gizani, wakawa mmoja.

Tangi linasamehe. Acha kulisha, ongeza hewa, ngoja, na baada ya siku chache umati mweupe unatawanyika, na wale samaki uliowaacha ndio haohao unaowaona tena. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 halina ndoo ya kubadilishia maji, na hata likitakata kesho, jamaa wawili waliokwisha kuwa mmoja hawatajitenga kwa amri ya mtu. Hili ndilo linalonifanya nishindwe kulitazama tangi la mtu likiwa na ukungu na kupita kama sikuona. Mtu anayejua kwa mikono yake kwamba chakula kingi hupausha maji, na kwamba anayeyasafisha ana uhai na anaweza kuuawa, ataelewa upesi habari ya mtaro unaomwaga ziwani na ya mafunjo yanayofyekwa ili kupanda mboga.

Wafugaji wa samaki wa Ulaya na Marekani wanamfuga nyererei. Anauzwa kwenye maduka yao, na baadhi ya spishi za furu zilizotoweka au kukaribia kutoweka ziwani ziliwekwa kwenye matangi ya makumbusho na bustani za wanyama huko tangu miaka ya 1980 na 1990 ili zisiishe. Wanajua anataka maji ya nyuzi 24 hadi 26, magadi kidogo, mawe ya kujificha, chakula kidogo chenye mboga, na taa nyeupe inayoonyesha rangi zake. Mwanza, kwenye matangi ya hoteli na saluni, nimekuta samaki wa dhahabu wa China na gapi wa Amerika Kusini. Furu nimemkuta kwenye ndoano za watoto miambani, akitumika kama chambo.

Ningependa shule ya msingi moja, iwe ya Nyegezi, iwe ya Igombe, iwe na tangi la furu katika darasa la nne. Si lazima liwe kubwa. La lita 200, lenye mawe ya ufukweni, sponji mbili, na pampu ya betri kwa siku umeme unapokatika. Maji yatapauka wiki ya kwanza. Mwalimu awape watoto glasi na karatasi nyeupe, awakataze kumwaga, awaache waandike kila asubuhi kile wanachokiona. Na wakati wa likizo, mlinzi wa shule apewe chakula cha samaki kilichopimwa, kidogo kidogo, katika vikaratasi vyenye tarehe.